Mfupa Mkavu Haushiki Ngozi

Nzi ndiye aliyemjulisha.

Hakumsikia akitua. Aliona tu macho ya shangazi yake yakiacha kumtazama usoni, yakapanda juu kidogo, yakafuata kitu, yakatulia. Kisha shangazi akapunga mkono juu ya kichwa chake, polepole, kama mtu anayelinda sahani ya mgeni.

"Nini?"

"Hamna kitu."

"Ni nzi?"

Shangazi akapunga tena. Nzi alikuwa anatembea juu ya utosi wa binti, na binti hakusikia hata mguso, kana kwamba kichwa kile ni cha mtu mwingine aliyeketi kitanda kimoja naye. Alikuwa ameambiwa kwamba pale katikati pamebaki mfupa mtupu. Aliitikia, kama alivyozoea kuitikia kila kitu. Lakini mpaka nzi alipotua, alikuwa hajaelewa.

Muuguzi alikuwa ameondoa bandeji asubuhi, akakuta shashi za kufungia kidonda zimeisha, akaenda kuazima wodi ya wanaume. Kabla ya kuondoka alimwachia shangazi bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na chupa ya maji ya chumvi. "Usiache pakauke," alisema. "Mfupa ukikauka unakufa, na ukifa unaoza humohumo kichwani." Basi shangazi akasimama pale, tone hapa, tone pale, kama anamwagilia mche, na maji yakawa yanashuka nyuma ya masikio ya binti na kulowesha gauni la hospitali.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja aliyevunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzito, na kwa kuwa hakuweza kugeuka upande wowote, kazi yake ilikuwa kutazama watu.

"Shangazi mtu, sogeza mkono," akasema. "Unamwagilia sikio. Sikio halioti."

Binti akacheka kwa pua. Kicheko kilimuuma. Katikati hapakuwa na maumivu yoyote, lakini pembeni, pale ngozi ilipoishia, palikuwa na uhai mwingi mno.

Kiwanda alikoumia kilikuwa cha nyuzi za magunia. Shangazi, aliyekuwa akishona magunia katika jengo la pili, ndiye aliyemwingiza humo baada ya binti kuachia shule darasa la tano. Kazi yake ilikuwa kufunga nyuzi. Uzi ukikatika, unainama chini ya mashine, unashika ncha hii na ncha ile, unapiga fundo, unatoka. Mashine haizimwi. Anayezima mashine hupuliziwa filimbi na nyapara kabla hajasimama wima. Chini kule shafti, chuma kirefu kinachoendesha mashine, inazunguka karibu na sikio lako. Zamani ilikuwa na kava la bati, lakini kulifungua kwa spana kila uzi ulipokatika kulichelewesha kazi, na siku moja lilifunguliwa lisirudi.

Vitambaa vya kichwani navyo vilikuwa na habari yake. Mwanamke mmoja wa zamu ya mchana alikamatwa getini amejizungushia uzi kwenye nywele na kuufunika kwa kitambaa. Uzi wenyewe usingetosha kushona gunia moja. Kesho yake ikatoka amri ya mwenye kiwanda: kila mwanamke aingie kichwa wazi na atoke kichwa wazi. Likawekwa kapu kubwa getini. Asubuhi unavua kitambaa chako na kukitupa kapuni mbele ya mlinzi; jioni unakitafuta katikati ya vitambaa vya wenzako. Mwanzoni wanawake waliona aibu, hasa wale watu wazima. Baadaye wakazoea, tena wakaanza kushindana kusuka.

Binti alikuwa na nywele nyingi. Siku ile aliposhikwa, alidhani mwenzake wa mashine ya jirani anamvuta kwa utani, kwani walikuwa na mchezo huo. Alifika hata kusema, "We, acha bwana." Mara akawa ameketi sakafuni, damu imemjaa machoni, na kitu chake kilikuwa kinazunguka na shafti na kupiga sakafu, tapu, tapu, tapu. Nyapara alipoona, alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Lakini filimbi yake siku zote ilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna mtu amezima mashine. Wanawake wote wakainamia mashine zao na kuongeza bidii. Akapuliza tena, wakainama zaidi.

Fundi mitambo ndiye aliyezima umeme, akaikata ile ngozi ya kichwa kutoka kwenye shafti kwa kisu cha kukatia kamba.

Wakati binti anapakiwa nyuma ya gari la mizigo, shangazi alibaki na ngozi. Aliiosha bombani, akachambua nyuzi zilizonasa ndani ya misuko, akaenda getini, akapekua kapu mpaka akakipata kitambaa cha binti mwenyewe, cha kijani. Akaifunga humo vizuri, ncha kwa ncha. Akaomba jembe kwa mlinzi, akaizika nyuma ya bohari, mahali pasipopitwa na watu. Hakuna aliyemtuma. Kiungo cha mtu hakitupwi. Kisha akaenda hospitali kwa miguu, kucha zake zikiwa na udongo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimkuta shangazi mlangoni.

"Wewe ndiye ndugu yake? Iko wapi?"

"Nini, daktari?"

"Ngozi. Ngozi ya kichwa chake. Umekuja nayo?"

"Tumeizika."

Daktari akamtazama. "Mmeizika."

"Tumeizika vizuri, daktari. Nimeiosha kwa mkono wangu."

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mtu mwenye kikohozi na mtu aliyelala. "Mngeiweka kwenye mfuko safi," alisema, "mfuko mkauweka kwenye barafu, mkaniletea. Pengine isingeshika yote. Pengine ningepata kipande tu. Lakini kipande cha ngozi yake mwenyewe, chenye nywele zake..." Hakumaliza. "Nani aliwaambia mzike?"

"Nani angetuambia tusizike?" shangazi akasema.

Daktari alisimama, akaenda kunawa mikono.

Siku hiyo alisafisha kichwa, akatoa mchanga, grisi na vipande vya nyuzi. Pembeni, ambako utando mwembamba ulikuwa bado umefunika mfupa, aliweka ngozi aliyoichukua pajani. Katikati aliacha. Alimweleza binti baadaye, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari wengine hawakulifanya.

"Mfupa mkavu haushiki ngozi. Nikiibandika sasa itanyauka, kama mbegu uliyoimwaga juu ya bati. Lazima kwanza pawe na nyama. Na nyama haiwezi kuota juu ya mfupa mpaka niufungulie njia. Fuvu lina tabaka mbili, na katikati yake kuna damu. Nitatoboa tabaka la juu. Vitundu vidogo, karibukaribu. Nyama itapanda kupitia humo, kidogo kidogo, mpaka vyote vikutane. Hapo ndipo nitaleta ngozi. Umenielewa?"

Binti akaitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba hatakiwi kukitikisa.

Walimtoboa akiwa macho nusu. Walimchoma dawa pembeni ya kidonda, na nyingine ya kumlegeza mwili, lakini masikio hayakulegea. Ile drili iliimba ndani ya kichwa chake, mpaka kwenye meno, na sauti yake ilikuwa sauti ya kiwandani. Akafumba mikono chini ya shuka. Kila baada ya muda sauti ilikoma, na daktari akasema taratibu, "Damu. Hapa pazuri." Kisha sauti ikaanza upya. Hakuwahi kumsikia mtu akifurahia damu namna ile.

Aliporudishwa wodini bibi wa kitanda cha pili alimsubiri muuguzi aondoke.

"Wamekufanya nini huko?"

"Wamenitoboa kichwa."

"Tundu moja?"

"Mengi."

"Yaani chekeche." Bibi akafikiri. "Sasa ukinywa chai uwe unashika kikombe huku umeinama mbele, isije ikachuruzika kwa juu. Na mtu akikupa habari mbaya usiihangaikie. Itachujwa, utabaki na makapi."

Tangu siku hiyo wodi nzima ikamwita Chekeche. Hata muuguzi akaja asubuhi na kusema, "Chekeche, tugeuze shingo." Hakuchukia. Lilikuwa jina la kwanza alilowahi kupewa kwa sababu ya kitu kilichomtokea yeye, na si kwa sababu ya kukaa kimya kwake.

Na nyama ikaota. Shangazi ndiye aliyeiona kwanza, akamletea kioo kidogo cha mfukoni. Binti alitazama mara moja tu. Mfupa ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na katika kila kitundu kulikuwa na kichipukizi chekundu, kimetokeza kama ncha ya ulimi. Kila bandeji ilipofunguliwa vilikuwa vimenenepa. Vikaanza kugusana. Mfupa ukabaki visiwa, visiwa vikawa vidoa. Daktari alikuja, akainama, akanusa kidonda, akaguna kwa kuridhika. "Shamba limekubali," alisema. "Imebaki kuweka ngozi. Na isichelewe. Nyama hii haina subira. Ikiachwa wazi itaingia wadudu, na wakishaingia tutarudi kwenye mfupa, na safari hiyo mfupa wenyewe utakuwa umeoza."

Lakini binti hakupangiwa siku. Wengine waliingizwa chumba cha upasuaji wakatoka, na waliokuja baada yake wakapita mbele yake. Shangazi alikwenda kuuliza ofisi ya malipo, akarudi anatembea polepole. Kiwanda kilibeba upasuaji wa kwanza na ule wa kutoboa. Kwa huu wa tatu kilikuwa hakijasema neno.

Bwana Utumishi alikuja saa ya kutazama wagonjwa, amevaa shati lililopigwa pasi, na mfuko wa machungwa mkononi. Kiwandani ndiye aliyeajiri na kufukuza. Binti hakuwahi kusemeshwa naye. Alikuwa akimwona tu kupitia dirisha la ofisi. Shangazi alisimama haraka akampisha kiti.

"Shikamoo," binti akasema.

"Marahaba, marahaba. Aa! Mbona umenawiri! Mwenye kiwanda kanituma. Kasema, mwambie huyo ni mtoto wetu."

"Mtoto wenu?" bibi akadakia kutoka kitandani kwake. "Siku zote hizi namwona shangazi mtu tu. Baba ndio umefika leo?"

Bwana Utumishi akacheka kwa adabu, akageuza kiti ili bibi abaki nyuma yake. Akatoa chungwa, akaanza kulimenya kwa kucha, ganda likawa linatoka refu bila kukatika.

"Keshokutwa atakuja mkaguzi wa kazi. Mtu wa serikali. Atakuuliza mambo mawili matatu. Usiwe na wasiwasi."

"Ataniuliza nini?"

"Kitambaa. Atauliza kama ulikuwa umefunga kichwa au hukufunga."

"Sikufunga."

"Naam. Ukweli ndio huo. Basi atauliza kwa nini hukufunga."

Binti akatazama mikono yake. "Kwa sababu..."

"Kwa sababu mle ndani kuna joto," akamalizia yeye. "Ninyi wasichana mnaona joto, mnavua. Tena mnapenda nywele zionekane. Hakuna anayewalaumu. Ujana ni moshi."

"Lile kapu," binti akasema, kwa sauti ambayo hata shangazi aliisikia kwa shida.

"Kapu gani?"

"La getini."

"Getini hakuna kapu." Aliligawa chungwa mara mbili. "Muulize shangazi yako, amepita pale leo asubuhi. Shangazi, umeona kapu?"

Shangazi alikuwa anatazama ganda la chungwa. "Leo sikuliona," akasema.

"Umesikia. Na kava la shafti lipo, limepakwa hata rangi. Mkaguzi akitaka ataliona." Akampa binti nusu ya chungwa, akamfungia vidole juu yake kwa upole. "Daktari ameniambia nyama imeota vizuri sana. Imebaki ngozi. Sisi tuko tayari kubeba, hata kesho. Ila mwenye kiwanda anajiuliza, na ningekuwa yeye ningejiuliza vilevile: unambebaje mtoto anayekupeleka pabaya? Si atakuponyoka?"

Aliondoka akiwaaga wagonjwa kila upande. Machungwa yalibaki. Shangazi alianza kuyapanga juu ya kabati, akayapanga upya.

"Sema, mwanangu," alisema bila kugeuka.

"Lakini shangazi..."

"Najua. Mimi ndiye niliyekitafuta kile kitambaa kapuni, utaniambia nini? Nakwambia sema. Mdomo haupungui kwa uongo mmoja. Kichwa kitapungua."

"Na wewe ungesema?"

"Mimi nimeshasema," shangazi akajibu. "Nimesema sikuliona kapu."

Bibi wa kitanda cha pili akanyoosha mkono. "Chekeche," akasema, "nirushie chungwa moja. Uongo ukishanunuliwa, angalau watu wale."

Jioni daktari alipopita, binti alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aletwe. Aliuliza swali.

"Daktari. Bila wao huwezi?"

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kile chombo cha kuchunia ngozi kina wembe wake maalumu. Huo wembe hatuna stoo. Na dawa ya usingizi ya saa zote zile hatuna. Kiwanda kikisema neno, vitu vinakuja. Kisiposema," akafungua viganja vyake akavionyesha, "nina hivi tu."

"Wewe ungesema nini kwa mkaguzi?"

Akainuka. "Usiniulize mimi," alisema. Alikuwa ameshafika kitanda kingine aliposema tena, kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Leo pembeni panaanza kutoa usaha."

Mkaguzi wa kazi alikuwa na mafua. Alikuja na Bwana Utumishi kwa gari la kiwanda, na aliongea kwa sauti kubwa, kinywa karibu na sikio la binti, kama watu wanavyoongea na kiziwi. Pengine bandeji zilimfanya adhani hasikii.

"Siku ya ajali ulikuwa na kitambaa kichwani?"

"Hapana."

"Kazini mnatakiwa kufunga vichwa au hamtakiwi?"

"Wanatakiwa," Bwana Utumishi akasema. "Ni sheria yetu tangu zamani."

"Namuuliza yeye, bwana." Akapenga kamasi. "Haya binti, mnatakiwa?"

Usiku mzima binti alikuwa ameyapanga maneno. Yalikuwa machache, na aliyajua kwa mpangilio wake. Sasa alipoyatafuta alikuta yako mahali pake yote, hakuna lililopotea. Pembeni ya kichwa kulikuwa kunapwita. Shangazi alisimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amefumba macho, lakini kope zilikuwa zinacheza.

"Tunatakiwa."

"Sasa chako kilikuwa wapi?"

Kilikuwa nyuma ya bohari, ardhini, kimefungwa ncha kwa ncha.

"Nilikivua mwenyewe," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko yote aliyowahi kuyasema mle wodini. Hata muuguzi mlangoni aligeuka. Mkaguzi alionekana kupata ahueni. "Umeona? Anajieleza vizuri kabisa," alimwambia Bwana Utumishi. "Wengine mpaka uwakamue." Akamshika binti bega. "Pole sana. Iwe fundisho."

Wembe ulifika kesho yake. Aliingizwa chumba cha upasuaji kabla ya saa nne asubuhi, na safari hii walimlaza usingizi kamili, hakusikia kitu. Alipozinduka, kichwa hakikuuma. Lililolia ni paja. Walikuwa wamelichuna ngozi ya juu, nyembamba kama karatasi ya kitunguu, pana kama ukurasa, na lilikuwa linawaka kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ile ngozi walikuwa wameipitisha kwenye mashine ya kuikata matundu madogo madogo, ikawa wavu, wakaunyoosha juu ya nyama, wakaushona pembeni kwa uzi mweusi.

Bandeji ilipofunguliwa, daktari aligusa kwa kidole. Akagusa tena. "Imeshika," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonyesha meno. Shangazi akaanza kulia. "Ila nywele hazitaota hapo. Mizizi yake ilikwenda na ile ngozi ya kwanza."

Shangazi akaacha kulia. Akazitazama kucha zake, ambazo siku nyingi zilikuwa safi.

Kiwanda hakikumwacha. Bwana Utumishi alisema hivyo mwenyewe, mbele ya wafanyakazi wote: hatuachi mtu wetu. Wakampa kazi nyepesi. Baada ya ajali vitambaa vilikuwa vimerudi, sasa kwa amri. Vya bluu, vyote sawa. Na viliporudi, hofu ya wizi ikarudi pamoja navyo. Ikatakiwa mwanamke wa kusimama getini jioni, awapapase wanawake vichwa wanapotoka, aone kama hawajaficha uzi. Mwanaume asingeweza kufanya kazi hiyo kwa heshima. Binti angeweza, tena ameketi, wamempa na kiti.

Kila walipoletwa wasichana wapya, nyapara aliwapitisha kwake asubuhi.

"Fungua waone," alisema.

Binti akafungua. Kichwa chake kilikuwa na ngozi yenye macho ya wavu, inayong'aa, rangi mbili, bila unywele mmoja katikati. Wengine walifumba macho. Mmoja alicheka, kwa woga tu, akajiziba mdomo.

"Alifanya nini huyu?" nyapara aliuliza, kama mwalimu anayedai jibu la pamoja, kisha akamgeukia. "Waambie."

"Nilikivua mwenyewe."

"Mmesikia? Haya, kazini."

Alilisema mara nyingi mpaka likapoteza uzito, likawa kama salamu. Shangazi alipopita, alitazama chini. Nyumbani walikula, walifua, walicheka mambo mengine. Hilo hawakuligusa.

Kazi ya jioni ndiyo iliyokuwa ngumu. Wanawake walijipanga foleni, mmoja mmoja akainamisha kichwa mbele ya kiti chake, naye akapitisha vidole juu ya kitambaa, kutoka paji mpaka kisogoni. Chini ya nguo alisikia misuko, chawa wa mtu mmoja mmoja, jasho, joto. Zaidi ya yote joto. Alikuwa amesahau kwamba kichwa cha mtu kina moto namna ile. Uzi alikuwa hajaukamata hata siku moja.

Jioni moja alikuja msichana mpya, mwembamba, miongoni mwa wale waliopitishwa kwake wiki ile. Akainama vizuri, kama mtoto anayekatwa nywele. Binti akaweka mikono. Upande wa kushoto, juu ya sikio, vidole vyake vikateleza. Akavitazama. Grisi nyeusi. Akarudi pale pale, akatafuta, akakuta kitambaa kimechanika kidogo, nyuzi zake zimevutwa nje na kusokotwa kuelekea upande mmoja, zimekaza kama kamba.

Grisi ya namna ile ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye shafti. Kama kava lingekuwapo, isingefika sikioni.

"Nini hiki?" akauliza.

"Wapi, dada?"

"Hapa."

Msichana akajipapasa. "Aa, nilikuwa nafunga uzi. Kilinaswa kidogo, nikakivuta." Akacheka. "Ni kipya jamani, wasinikate mshahara."

Hatua chache pembeni nyapara alikuwa anaongea na mlinzi, filimbi ikining'inia kifuani. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma mtu akasema, "Chekeche, tuna watoto nyumbani, changamka," na wengine wakacheka.

Mikono ya binti ilibaki juu ya kile kichwa. Chini ya kidole gumba alisikia mshipa ukigonga.

"Umemaliza, dada?" msichana akauliza, akiwa bado ameinama.

"Bado."

Kisha akasema, na hakunong'ona:

"Mimi sikukivua. Walituvua wao, kila asubuhi, hapo hapo uliposimama."